Kanda Iliyomponza Wadha

Juma lililopita nilimwacha Turki chini, katikati ya wacheza dabke, ngoma yetu ya kushikana mikono kwa mstari, na kilemba chake chekundu kinazidi wekundu. Wengi mmeniandikia. Bwana mmoja amesema ile risasi ingenipata mimi ingekuwa haki zaidi. Sibishani naye. Asome na leo, kisha aandike tena.

Kwa aliyenikosa: mimi ni Dahham, mwimbaji wa harusi za mto Khabur. Miaka ile kanda zangu zilikuwa zikilia katika kila pikapu kutoka Hasaka mpaka Ras al-Ayn. Sura ya kwenye jalada ni yangu, masharubu ni yangu, sauti ni yangu. Maneno hayakuwa yangu hata siku moja.

Maneno yalikuwa ya Khulaif. Kwetu mwimbaji wa harusi husimama na mshairi ubavuni. Mshairi anamtazama mgeni anayeingia, anamjua ni nani na baba yake ni nani, ananong'ona mstari sikioni mwa mwimbaji, na mwimbaji anautoa kwenye spika hapohapo. Wakati naimba wa kwanza, Khulaif ananipa wa pili. Kwa miaka kumi na moja mdomo wangu ulifuata mdomo wake bila kupita kichwani.

Na siku ile, Khulaif alininong'oneza ubeti wa kumsifu Fayyad, kaka yake. Fayyad akapandwa na raha, akainua bunduki kupiga hewani kama wanavyopiga wote, mkono ukalegea kabla risasi hazijaisha. Moja ikampata Turki, mpwa wa Sheikh Mijwal. Hapo ndipo tulipoishia.

Fayyad alikimbilia mjini na kujisalimisha polisi. Ila mnajua jela haimalizi kitu. Siku ya kumi na mbili wazee wakapiga hema la upatanisho, na mimi nikaitwa, maana pande zote mbili nilikuwa nimeziimbia.

Sheikh Mijwal alikaa kwenye mto wake, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Mbele yake waliweka kikombe cha kahawa chungu. Hakukigusa. Kahawa ya upatanisho hainywewi mpaka neno limepatikana.

"Mali mtatoa, hilo halina mjadala," alisema. "Lakini mali haimzai Turki. Tunataka na msichana. Aolewe na mdogo wake marehemu, atuzalie mwingine."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Damu huoshwa kwa damu, au kwa tumbo. Ndivyo wanavyosema wakiwa wamekunja miguu na kushika tasbihi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuwa msichana.

Msichana wa damu haolewi kama wengine. Hapakwi hina, hapigiwi vigelegele, haimbiwi. Anapakiwa kwenye gari kimya kama gunia la ngano, na akipigwa huko aendako, ndugu zake hawana ruhusa ya kuuliza.

"Fayyad ana binti?" Mijwal aliuliza.

"Hana," mzee mmoja akajibu.

"Ndugu yake?"

Khulaif alikuwa amekaa karibu na nguzo. Akasema taratibu, "Ninaye mmoja. Ameshafungwa. Binamu yake amemfunga tangu mdogo."

Mnaelewa maana yake. Binamu akisema mbele ya watu kwamba mtoto wa ami yake ni wake, hakuna mwanamume mwingine wa kumgusa mpaka yeye mwenyewe amfungue. Ukoo ukimchukua msichana aliyefungwa, hata kwa damu, ni aibu ya vizazi. Wakigundua lazima wamrudishe siku hiyohiyo.

Mwanamume mmoja akasimama nyuma. Alikuwa Sattam, mtoto wa Fayyad. Masikio yamemwiva.

"Binamu mwenyewe ni mimi," akasema. "Ni wangu."

Alikuwa anadanganya, na mimi nilijua anadanganya. Mara nne alimtaka Wadha, huyo binti wa Khulaif, na mara nne Khulaif alimkatalia, kwa sababu Wadha alikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu Hasaka na baba yake alitaka amalize. Siku ile Khulaif ndiye aliyemwomba Sattam aseme vile. Kamba aliyoikata kwa mikono yake sasa alikuwa anaitafuta amfunge nayo mwanawe, apone.

Sheikh Mijwal akainamisha kichwa, kama anayeridhika. Kidogo tu angekubali. Nilimwona anajiandaa kutaja tawi jingine la ukoo wao.

Ndipo mdogo wake Turki, yule atakayeoa, akanyanyuka bila ruhusa, akatoka nje. Tukasikia mlango wa pikapu unafungwa. Akarudi na redio kaseti, akaiweka mkekani pembeni ya kile kikombe cha kahawa, akabonyeza.

Ilitoka sauti yangu.

Ilikuwa kanda ya harusi ya miezi mitatu nyuma. Nikakisikia kinanda, nikasikia makofi, kisha mimi mwenyewe, nimeshiba nyama na nimefurahi:

"Salamu kwa Khulaifu, binti yake ni johari,
hajafungwa na binamu, kusoma ndio safari."

Nakumbuka aliponinong'oneza. Matokeo ya mtihani yalikuwa yametoka asubuhi ile, Wadha amekuwa wa kwanza, na Khulaif alinishika bega huku machozi yanamtoka. Baba akijivuna mara moja katika maisha yake, na majivuno yenyewe yanarekodiwa, yanauzwa kila kibanda cha soko.

Redio ikazimwa. 

"Dahham," Mijwal akaita, kwa upole uleule. "Sauti ya nani hiyo?"

"Yangu, Sheikh."

"Hayo maneno ni ya kweli, au ni ya harusi tu?"

Msomaji wangu, soma tena swali hilo. Yule mzee alinifungulia mlango. Aliniwekea jibu mdomoni, na kila mtu pale ndani alijua. Ningesema "Ya harusi tu, Sheikh, sisi waimbaji tunasema lolote watu wafurahi," mambo yangeisha, ile kahawa ingemwagwa litafutwe dai jingine, na Wadha angerudi chuoni Jumapili.

Na uongo haukuwa mgeni kwangu! Nilikuwa nimemwita mwoga simba, bahili nimemwita mto wa Furati, na mtu ambaye mkewe alimkimbia kwa harufu nikamwita miski. Uongo ndio uliojenga nyumba yangu. Nilitakiwa kuongeza mmoja tu.

Lakini nikazungusha macho mle hemani. Wanaume arobaini, na hakuna hata mmoja ambaye sikuwahi kumsifu. Nikisema maneno yangu ni ya harusi tu, kila mmoja wao atarudi nyumbani akikumbuka nilichomwimbia yeye. Nani ataniita tena? Nani atanunua kanda ya mtu aliyesimama mbele ya masheikh akakiri kwamba sifa zake ni upepo?

Khulaif alikuwa ananitazama. Hakuniomba. Alikuwa na hakika nami.

Nikasema, "Sheikh, Dahham haimbi uongo."

Mijwal akainua kikombe, akanywa.

*

Tulikuwa garini tukirudi, tumefika darajani. Aliyekuwa anaendesha ni Gabro, mpiga kinanda wangu, Mkristo wa Kiashuri kutoka Tall Tamr, aliyekuwa nami hemani, mtu asiyejua kuficha kitu.

"Eti haimbi uongo," akasema.

"Gabro, niache."

"Yule mwizi wa kondoo wa juzi ulimwitaje?"

"Niache nimekwambia."

"Mchungaji wa heshima. Ulimwita mchungaji wa heshima, na kondoo wake watatu walikuwa na alama ya shangazi yangu!" Akapiga usukani. "Umeshindwa uongo mmoja wa kumwokoa mtoto. Mtoto aliyekula mezani kwako!"

"Na wewe mbona ulikaa kimya?"

"Mimi nani ananiuliza? Mimi ni wa kinanda."

Sikulala vizuri, siwadanganyi. Lakini nililala.

Asubuhi nikasikia hodi. Nikachungulia dirishani: Khulaif. Nikamwambia mke wangu aseme nimetoka.

"Viatu vyake viko hapa mlangoni, shemeji," Khulaif akamjibu kutoka nje. "Amekwenda pekupeku?"

Nikatoka. Nilijiandaa kwa kofi, nilijiandaa hata kwa kisu. Yeye alikaa kwenye ngazi, akaomba chai.

"Alhamisi wanakuja kumchukua," akasema. "Nina ombi."

"Sema, ndugu yangu. Chochote."

"Umwimbie akitoka."

"Msichana wa damu haimbiwi, Khulaif."

"Ndiyo maana nakuomba. Akitoka kimya, ametoka kama malipo. Akitoka kwa wimbo, ametoka bi harusi. Watamheshimu angalau mwaka wa kwanza. Wanawake wa kule wakisikia ameimbiwa na Dahham, hawatamtuma kuni akiwa na homa." Akanywa chai yake. "Sikuombi zaidi ya hapo. Lile la jana limekwisha, maji yakimwagika hayazoleki."

Nilitaka kumbusu mikono. Nilimfanyia vile, na yeye ananidai wimbo tu! Nikasamehewa rahisi hivyo? Nikamwahidi kwa kichwa cha mama yangu.

Halafu nikafanya jambo ambalo Khulaif hakuniomba. Nilikwenda kwa Sheikh Mijwal kuomba ruhusa, nisije nikaharibu huko nako.

Mzee akafikiri, akasokota masharubu. "Imba," akasema. "Watu waseme ukoo wa Mijwal ni karimu, hata wa damu wamemchukua kwa ngoma. Ila sifa ziwe zetu, Dahham. Si za kwao."

"Bila shaka, Sheikh."

Kwa hiyo wimbo niliomwahidi rafiki yangu nilikuwa nimeshamkabidhi mtu mwingine, hata kabla haujaimbwa.

*

Alhamisi alasiri tulifunga spika uani kwa Khulaif. Magari manne ya Mijwal yalikuwa yamepanga mstari nje ya ukuta wa udongo, injini zinanguruma. Sheikh mwenyewe alikuja, akaketishwa kitini mbele. Gabro alikuwa ameshabonyeza kurekodi, maana sisi hurekodi kila kitu, hiyo ndiyo kazi.

Khulaif akaja kusimama ubavuni kwangu, mahali pake pa siku zote.

Mlango ukafunguliwa. Wadha akatoka na gauni jeupe la kuazima lililompwaya mabegani. Shangazi yake alikuwa anamvuta mkoba kutoka mkononi, na yeye hauachii. Ulikuwa mkoba wa vitabu. Mwishowe shangazi akashinda.

Wanawake walikuwa wanalia chinichini, kilio cha kumeza. Wadha hakulia. Hakwenda kwenye gari pia. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye kipaza sauti, akasimama hatua mbili kutoka kwangu.

"Ami Dahham," akasema, na spika zikalisambaza jina langu uani kote.

"Naam, mwanangu."

"Sikutaka wimbo. Baba ndiye anautaka. Mimi nataka neno moja." Alizungumza kama mwalimu, kila neno na mahali pake. "Sema yale ya kwenye kanda yalikuwa maneno ya harusi. Sheikh yupo hapa, wazee wapo. Ukisema, narudi ndani navua hili gauni. Ami, ni neno moja tu. Nimekula kwako, nimecheza na watoto wako."

Sheikh Mijwal aliacha kuhesabu tasbihi. Alikuwa anasubiri. Naapa alikuwa anasubiri kwa dhati, na kama ningesema asingekuwa na la kufanya.

Sikioni nikahisi pumzi ya Khulaif. Hakutunga kitu.

"Sema," akaninong'oneza. "Dahham, sema."

Nikamwonyesha Gabro kidole: anza.

Gabro akatikisa kichwa.

Nikamwonyesha tena. Akaondoa mikono kwenye kinanda, akaiweka mfukoni, huku ananitazama. Basi nikanyoosha mkono wangu mwenyewe nikabonyeza kitufe cha ngoma pale kwenye kinanda chake.

Ngoma ikalipuka. Nikavuta kipaza sauti kwangu, nikaimba ule wa zamani wa kumtoa bi harusi, ambao hata mtoto anaujua na hauhitaji mshairi. Nikachomeka jina la Mijwal kila palipokuwa na nafasi. Wanawake masikini, waliposikia wimbo ambao hawakuutarajia, wakadhani ni rehema imeshuka, wakapiga vigelegele kwa machozi.

Wadha alikuwa bado anasema. Niliona midomo yake inachezacheza. Nikaongeza sauti. Katika kazi hii hajatokea wa kunishinda kwa sauti, na siku ile nilishindana na msichana wa miaka kumi na tisa asiye na hata kipaza, nikamshinda.

Wakamshika mabega wakampeleka garini.

Mtaniuliza kama niliona aibu. Aibu ilikuja baadaye, ikaja na mizigo yake yote na haijaondoka mpaka leo. Wakati ule, nisiwafiche, nilichofikiri ni kwamba nimeimba vizuri.

Magari yalipotokomea, Khulaif akanikumbatia mbele ya watu wote. Watu wakasema, tazameni, anamshukuru. Mdomo wake ulikuwa sikioni kwangu.

"Arobaini ya Turki ikiisha, Mijwal anamwoza mwanawe," akaninong'oneza. "Najua amekualika. Nitakuja kukutungia."

"Khulaif, kama unataka kupumzika kidogo..."

"Kwa nini? Sisi si wakwe sasa?"

*

Sasa sikilizeni namna dunia inavyolipa.

Kanda ya siku ile ilitoka, nami sikuizuia. Ikawa kubwa kuliko zote. Madereva waliicheza, wanawake waliilia jikoni, studio ya Qamishli ikawa inatoa nakala mchana kutwa na hazitoshi. Watu walisema hajawahi kutokea mwimbaji wa kumpa heshima msichana wa damu, ni Dahham peke yake. Bibi kizee alinisimamisha sokoni akanibusu mkono. Simu ikaja kutoka Kuwait.

Mwanzoni kabisa mwa kanda, kabla ngoma haijaanza, inasikika sauti ya msichana: "Ami Dahham." Halafu imekatwa, ngoma inaingia. Kukata nilikata mimi, pale studio, na fundi wa Kiarmenia akaniuliza, "Alikuwa anataka nini huyu binti?" Nikamjibu alikuwa ananishukuru. Nikaliacha lile jina tu, kwa sababu lilikuwa linaliza watu.

Na Wadha? Habari zilikuja kwa wanawake. Anakamua kondoo alfajiri, analala stoo ya siagi. Mama mkwe hamwiti jina, anamwita "wewe wa damu." Alipougua, kuni alitumwa palepale. Wimbo wangu haukumfikisha hata kizingitini. Siku moja waliweka ile kanda nyumbani kwao kwa ajili ya wageni, naye akaambiwa atembeze chai huku anajisikia akitaja jina langu.

Niliposikia hilo la chai sikula siku nzima. Gabro akaniambia, "Bado hujaanza."

Arobaini ikaisha.

Harusi ya mwana wa Mijwal ilianza saa tisa alasiri, jua bado kali. Hema la wanaume lilipigwa kiambazani mwa nyumba, na nyuma ya ukuta uleule walikuwa wanawake. Bunduki zilikuwa nyingi kuliko sahani. Upande wa Khulaif walialikwa watu sita, kwa kuwa sasa ni ndugu.

Khulaif alikuja amenyoa, amejipaka marashi, kanzu imepigwa pasi. Sikuwa nimemwona tangu ile siku. Nikamsalimia kwa hofu, akaniitikia kama kawaida.

"Umekonda, Baba Wadha," nikamwambia.

"Na wewe umenenepa. Kuwait kunakufaa kabla hujafika." Akatazama ukuta. "Yuko nyuma ya hapo, nimeulizia. Leo atatusikia vizuri."

"Khulaif, tafadhali. Tusije tukaharibu."

"Miaka kumi na moja nimekuharibia lini?"

Na kweli hakuharibu. Saa nzima ya kwanza alinipa beti ambazo sijawahi kuimba maishani. Bwana harusi alilia. Mzee mmoja wa miaka themanini alitupa fimbo akaingia kucheza. Nilihisi mwili mwepesi, nikasema moyoni, amesamehe, huyu mtu ni malaika, au amepona kama mimi nilivyopona. Nikaacha kuogopa. Nikarudi kwenye mazoea yetu, mdomo wake na mdomo wangu, kichwa kikiwa mapumzikoni.

Sheikh Mijwal akanyanyuka kitini. Wakamwachia nafasi ya mbele katika mstari wa dabke, akashika leso, akaanza kuizungusha. Wanaume wakainua bunduki kumsubiria sifa yake. Pembeni yake alikuwa mdogo wake Turki, mume wa Wadha.

Khulaif akainama sikioni. Nikaimba:

"Ewe Mijwali karimu, Wadha wetu yuko kwako..."

Lilikuwa limeshatoka ndipo nikalisikia. Nimetaja jina la mwanamke wa nyumba ya mtu, mbele ya wanaume, kwenye spika nne. Kwetu jambo hilo halifanywi, hata na mlevi. Mstari wa dabke ukasita. Lakini Khulaif alikuwa ameshaninong'oneza nusu inayofuata, na mdomo wangu, huu mdomo usio na mwenyewe, ukaitoa:

"...amefika nyumba hii, akaletwa na..."

Nikasubiri neno. Hapo huwa linakuja, halijawahi kuchelewa hata kwa pumzi moja.

Nikageuza uso. Khulaif alikuwa amesogea nyuma hatua tatu. Alikuwa anawasha sigara.

"Khulaif," nikasema, na spika zikalipeleka jina lake mpaka mtoni. "Khulaif, na nini?"

"Malizia mwenyewe," akanijibu, kwa sauti ya kawaida, si ya kunong'ona. "Huo ubeti ni wako."

Gabro akanyanyua mikono kwenye kinanda. Ngoma akaizima. Nyuma ya ukuta, nilijua, mmoja kati ya wanawake amesimama na sinia la chai mkononi. Nikisema "damu" nimeitukana nyumba ya mwenyeji; nikisema "mdomo wangu" nimekiri kila kitu.

Sheikh Mijwal aliteremsha leso. Hakuwa na hasira. Alinitazama kwa ule upole wake wa hemani, akaja mpaka mbele yangu, karibu kabisa na kipaza sauti, na nyuma yake bunduki zote bado zimeinuliwa.

"Akaletwa na nini, Dahham?"